Mechi ya mvua ya Nebbi, na kwa nini siulizi matokeo

Ukitaka kuwagombanisha wazee wa mpira hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, waulize ile mechi ya mvua kule Nebbi iliisha ngapi ngapi. Mmoja atakwambia mbili bila. Wa pili, mbili moja. Haji, ambaye kiti chake cha plastiki kiko palepale karibu na shina la mwembe na hakisogezwi hata jua likimfuata, atangoja wote wamalize, kisha atasema nne moja, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya kiwanja. Ukiuliza mwaka ndiyo utajuta. Nimewahi kupewa 1979, 1983 na 1992 kabla chai haijapoa.

Nilikuwa katibu wa ligi ya wilaya kwa miaka kadhaa. Tangu niache ukatibu, nimekuwa nikikusanya kumbukumbu za mechi za madaraja ya chini ya West Nile, kanda yetu hii: nani alicheza, wapi, mwaka gani, na mashabiki walifikaje. Jina la klabu iliyokwenda Nebbi siku ile siliandiki. Ilishavunjika, na leo zipo timu mbili zinazojiita warithi wake. Nikiitaja tu, vita vya urithi vitaanza na hakuna atakayesoma yaliyobaki.

Kwanza mjue kwa nini mechi kama hii haipo popote. Ligi ya taifa ya Uganda ilianza 1968, na Prisons ya Kampala ikawa bingwa wa kwanza. Kuanzia hapo, ukitaka kujua nani alichukua ubingwa, utapata. Shuka ngazi moja, mambo yanaanza kuwa na matobo. Leo chini ya Ligi Kuu ipo Big League ya FUFA, shirikisho la mpira la Uganda, chini yake ligi za kanda nane, na chini kabisa ligi za wilaya. Huko chini kumbukumbu ya mechi ni karatasi moja ya refa. Inapelekwa ofisini, inawekwa kabatini, na kabati linasubiri mchwa. Nimefungua makabati ya namna hiyo, nasema ninachokijua.

Magazeti nayo yalikuwa ya Kampala. Uganda Argus, ambalo wakati wa Amin liligeuka Voice of Uganda, kisha Uganda Times baada ya 1979, kisha New Vision mwaka 1986: yote yalichapwa mbali na sisi, karibu kilomita 500 kwa barabara, na mwandishi hakuja hadi huku kuangalia daraja la pili. Timu ndogo huandikwa inapowasumbua wakubwa. Proline walipotwaa Kombe la Uganda mwaka 2019 wakiwa Big League, fainali ile ya Lira ikaandikwa kila mahali. Hapa kwetu, Onduparaka walipopanda Ligi Kuu mwaka 2016, kila pasi yao ikawa na picha, na Muhammad Shaban, ambaye baadaye alikwenda klabu ya KCCA ya Kampala na kisha Raja Casablanca ya Morocco, mabao yake unaweza kuyahesabu moja moja. Lakini Onduparaka ilianza 2011. Waulize mashabiki wao kuhusu mechi za miaka ile ya kwanza, kabla kamera hazijafika, na utaona ubishi ni uleule wa wazee wangu wa mwembeni. Na sasa wameshateremka tena, tangu 2023, kwa hiyo nawashauri waanze kuandika.

Kosa nililolifanya miaka mingi ni kuanza na matokeo. Unakaa na mzee, unafungua daftari, unauliza: mlifungana ngapi? Yeye anajibu papo hapo, na wewe unafurahi. Lakini fikiria, jibu hilo amelitoa mara ngapi? Kwenye kilabu cha pombe ya kwete, msibani, kwa wajukuu, kwa wapinzani. Kila alipolitoa lilipata kelele, na kila kelele ililisukuma kidogo. Matokeo ni kama noti iliyopita mikono mingi, hata picha huioni vizuri. Nauli ya siku ile, je? Hakuna aliyewahi kumuuliza nauli, na kwa kuwa hajawahi kuisimulia, hajapata nafasi ya kuiongezea chumvi. Basi mimi huanza na nauli. Kisha nauliza walikula nini, walilala wapi, nani alibaki nyumbani na kwa sababu gani. Matokeo huja yenyewe, mwishoni, nami huyapokea kwa adabu tu.

Hela ndiyo shahidi wangu mkubwa. Mei 1987 serikali ilibadilisha noti na kufuta sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1. Anayekumbuka kiingilio cha maelfu kisha anakumbuka kiingilio cha makumi, hajachanganyikiwa. Amesimama kwenye mpaka huo, mguu mmoja huku na mwingine huku. Akisema alilipa getini kwa sarafu ya mia tano, najua ni 1998 au baadaye, maana kabla ya hapo sarafu hiyo haikuwapo. Majina ya mahali pia husaidia, lakini kwa tahadhari: timu ikitajwa kuwa ya wilaya ya Koboko, hiyo ni kuanzia 2005, wilaya ilipozaliwa. “Wachezaji wa Zaire”, wale mamluki waliovushwa mpaka Ijumaa na kurudishwa Jumapili usiku, wangepaswa kuwa wa kabla ya 1997. Wangepaswa. Wazee wa hapa wanasema Zaire mpaka leo, kwa hiyo ushahidi huo siutegemei.

Hata sheria za mpira zina umri. Hadi 1992 kipa aliruhusiwa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa beki wake, na timu iliyokuwa mbele iliweza kuua dakika kumi hivyohivyo, beki kwa kipa, kipa kwa beki, mashabiki wakitukana. Mzee akikusimulia hilo bila kushangaa, unapata fununu. Ila usikimbilie kuandika mwaka. Sheria ikitoka Ulaya haifiki kijijini siku hiyohiyo, na nimeona marefa wetu wakiiacha pasi hiyo ipite muda mrefu baada ya kufutwa.

Kuna pia kombe la jirani. “Ulikuwa mwaka ule Villa walipochukua Afrika Mashariki.” Vizuri, mzee, lakini SC Villa walilichukua kombe la klabu la CECAFA, shirikisho la mpira la Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1987, wakalichukua 2003, wakalichukua tena 2005. Hapo nauliza: ulisikilizia wapi? Akisema redio moja tu ya mtaa mzima, Radio Uganda, betri zikianikwa juani ili zipate nguvu, tuko miaka ya themanini. Redio za binafsi zilianza Kampala mwaka 1993, na hapa Arua Radio Pacis ilianza 2004.

Lakini kalenda yenye nguvu kuliko zote huku kwetu haina tarakimu. Ina sehemu tatu: kabla ya kukimbia, tulipokuwa ng'ambo, na baada ya kurudi. Amin aliangushwa Aprili 1979. Mwaka uliofuata vita vikaingia West Nile yenyewe, na watu wakavuka kwenda Zaire na Sudan, maelfu kwa maelfu, wengine hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya themanini. Kila aliyekuwa hai anajua tukio liko upande gani wa mstari huo. Hakosei. Anaweza kukosea mwaka wa kuzaliwa mwanawe, lakini hatakosea kama alizaliwa kambini au nyumbani. Kwa hiyo mtu wa 1983 kwenye mechi ya Nebbi nilimwondoa mapema, kwa upole. 1983 yeye mwenyewe alikuwa ng'ambo, ndiye aliyeniambia. (Mpira ulichezwa huko pia, timu za wakimbizi dhidi ya timu za wenyeji. Hiyo ni habari ya siku nyingine, na inahitaji wazee ambao wanazidi kupungua.)

Haji ndiye aliyetoa kipimo cha kweli, na hakujua kama anatoa kipimo. Aliniambia mke wake hakumruhusu kwenda na lori la pili, nikamuuliza kwa nini. Akacheka. “Nyumba ilikuwa haina mabati bado. Tumerudi, tumejenga ukuta, pesa ya mabati ndiyo ninayotaka kuipandia lori.” Baada ya kurudi, basi, ukuta umesimama, paa bado. Sikumuuliza mwaka. Nilimuuliza alipaua lini, akajibu bila kufikiri, maana binti yake alibatizwa, yaani alipewa jina, wiki ileile. (Haji alinirekebisha neno: Waislamu hawabatizi. Nimeandika kama nilivyokosea ili asome aone nimekumbuka.)

Lakini neno moja lilikuwa limenipita masikioni: lori la pili. Kwa nini kulikuwa na lori la pili? Nebbi ni karibu kilomita 80 kutoka hapa. Mechi ni ya siku moja. Wote wanakumbuka lori moja la kubeba tumbaku, na nguo zilizonuka tumbaku wiki nzima. Nilipowauliza, wengine walikana kabisa, wengine wakasema ndiyo, lilikuwapo, Jumapili. Hapo nikaanza kumtafuta mweka hazina.

Mwenyewe alishafariki. Binti yake anauza nguo sokoni, na alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, kwa sababu nilifika siku ya soko. Vitu vya baba yake viko kwenye sanduku la bati: vyeti, picha mbili, filimbi bila kokoto ndani, na daftari la mazoezi la kurasa tisini na sita. Ndani hakuna bao hata moja, hakuna jina la mfungaji, hakuna jina la mpinzani. Ni hela tu. Sabuni ya jezi. Viazi. Kushona mpira. Mweka hazina hakuwa mshabiki wa kusimulia.

Kurasa za mwanzo zimejaa maelfu. Halafu, katikati ya ukurasa mmoja, sabuni ileile inashuka ghafla kutoka maelfu hadi makumi, na juu yake amepiga mstari kwa rula. Hakuandika sababu. Mei 1987 haikuhitaji maelezo kwa mtu aliyeiona. Kurasa nne mbele, kuna maneno haya: lori, Nebbi, Jumamosi. Chini yake: zawadi ya goli, mara mbili. Chini yake: chakula cha usiku, shuleni. Kisha: lori, Nebbi, Jumapili. Na tena: zawadi ya goli, mara mbili.

Nilikaa nalo pale sokoni mpaka mwenye kibanda cha jirani akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Huku kwetu mvua kubwa ni Agosti hadi Oktoba. Jumamosi timu yetu ilifunga mawili, mvua ikashuka, uwanja ukawa dimbwi, refa akapuliza na kuwarudisha watu nyumbani. Na mechi iliyovunjika, kwa mujibu wa sheria namba 7 ya mpira, hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano ziseme vingine. Hurudiwa yote, tangu dakika ya kwanza, sufuri sufuri. Wenye ng'ombe wa kukamua na wenye kibanda cha kufungua walirudi Arua usiku uleule na lori. Wachezaji walilala kwenye shule na mashabiki wachache wakalala nao. Jumapili lori likaleta watu wengine, mechi ikachezwa upya, yetu mawili tena, na wapinzani, kwa maneno ya wote waliokuwapo siku hiyo, moja.

Kwa hiyo wa mbili bila alikuwa Nebbi Jumamosi. Wa mbili moja alikuwa Nebbi Jumapili. Kwa miaka yote hii wamekuwa wakiitana waongo juu ya mechi mbili tofauti. Na Haji, ambaye mkewe alimnyima nauli ya lori la pili, aliletewa habari ya Jumapili na waliorudi, akaijumlisha na aliyoyaona Jumamosi kwa macho yake. Mbili na mbili, nne. Mvua haikumfutia mabao yake.

Nilirudi mwembeni na daftari Ijumaa, baada ya swala, nikaeleza polepole. Mzee wa 1992 alikubali haraka, akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi. Wa mbili bila alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, kama kwa siri, ina maana ile yangu haikuhesabiwa? Nikamwambia haikuhesabiwa kwenye ligi. Akasema basi, mimi nilikuwepo.

Haji alichukua daftari, akalisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wenye miwani iliyosahaulika nyumbani, akafuata mistari kwa kidole. Hakusimama kwenye magoli. Alisimama kwenye mstari wa lori la Jumapili, ambako mweka hazina, badala ya kiasi, ameandika neno moja tu: deni.

“Mwenye lori alilipwa?” akauliza.

Nikafungua kurasa zote zilizobaki. Sabuni, viazi, kushona mpira. Wakaanza kuhesabu watoto wa mwenye lori na ni yupi bado anakaa hapa mjini.