Kupanda Miti Si Kurudisha Maji

Andiko jingine la mradi limetua mezani kwangu, na kabla ya ukurasa wa pili limeshahitimisha: kijito kimekauka kwa sababu miti imekatwa, basi tupande miche, maji yatarudi. Bajeti ya vitalu ipo, ya fulana za uzinduzi ipo. Ya kupima udongo hakuna. Nimechoka kuandika maoni yaleyale pembeni mwa karatasi, acha niyamwage hapa.

Mti unakunywa. Mizizi yake inafika chini kuliko ya nyasi, majani yanaendelea kutoa mvuke hata kiangazi, na sehemu ya mvua haigusi ardhi kabisa: inanasa kwenye majani na kurudi angani. Hili tunalipima kwa mabonde pacha. Unachukua vijibonde viwili jirani, unavipima miaka kadhaa, kisha unafyeka kimoja na kulinganisha vijito vyake. Wagon Wheel Gap kule Colorado walianza mwaka 1910. Mwaka 1982 watafiti Bosch na Hewlett walikusanya majaribio ya mabonde 94: kila asilimia 10 ya bonde inayofunikwa na misonobari au mikaratusi hupunguza maji ya kijito ya mwaka kwa wastani wa milimita 40. Milimita 40 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 400, na hayo si maji ya kubeza. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2005 ulikuta mashamba ya miti yamepunguza mtiririko wa vijito kwa asilimia 52, na asilimia 13 ya vijito vilikauka kabisa kwa angalau mwaka mmoja.

Sasa wa upande wa pili ataruka: kumbe tufyeke! Wapi. Hakuna anayechota wastani wa mwaka. Watu wanachota maji ya mwezi mkavu kuliko yote, na hayo yanategemea kiasi gani cha mvua kilizama ardhini wakati wa masika. Udongo uliokanyagwa na kwato mpaka ukawa sakafu haupitishi maji. Mvua inateleza juu, inabeba tope, na siku mbili baadaye kijito kimerudi kuwa changarawe. Hapo miti inaweza kusaidia kweli, kwa mizizi, majani yaliyooza na minyoo. Lakini kusaidia kwake ni hesabu ya kutoa na kujumlisha: maji ya ziada yanayozama lazima yazidi maji ya ziada yanayonyweka. Kama udongo ulikuwa mzuri tangu mwanzo, umeongeza mnywaji tu.

Mfano ninaoupenda ni Mbeya. Katika majaribio yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, bonde lililolimwa kwenye mteremko mkali lilitoa maji mengi kuliko bonde la msitu, hata kiangazi. Sababu ni udongo wa majivu ya volkano, ambao uliendelea kunywa mvua hata baada ya jembe kupita. Upeleke mkasa huo kwenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na utapata jibu tofauti kabisa. Na kule Saponé, Burkina Faso, utafiti wa mwaka 2016 uligundua kwamba maji ya chini ya ardhi yalijazwa zaidi pale miti ilipokuwa ya wastani, si pasipo miti wala si msitu mzito.

Kwa hiyo nataka mtu wa udongo ashindilie pete ya chuma ardhini, amimine maji, ashike saa aone yanazama kwa kasi gani. Afanye hivyo malishoni, shambani na chini ya miti mikongwe. Nataka pia mtu wa kuuliza nani ameweka pampu juu ya kijito. Tatizo ni kwamba timu nyingi za fani mbalimbali hukutana kwenye stepla: kila mmoja huandika sura yake ya ripoti peke yake, kisha zinabanwa pamoja. Afrika Kusini waliunganisha vizuri zaidi. Vipimo vya mabonde ya majaribio ya Jonkershoek vilisaidia kuzaa vibali vya kupanda mashamba ya miti mwaka 1972, na Sheria ya Maji ya mwaka 1998 ikautaja upandaji huo wa kibiashara kuwa shughuli inayopunguza mtiririko. Mwanasheria na mpimaji wa mto walisoma jedwali moja.

Vitabu havipendi kusema jambo hili: maji "yaliyonywewa na miti" mara nyingi hatuyapimi. Tunapima mvua, tunatoa mto, kinachobaki tunamwandikia mti. Kipimamvua kwenye upepo hupoteza matone. Mafuriko makubwa hupita juu ya kizingiti cha kupimia kijitoni, tukayakadiria kwa kurefusha mchoro wa kina na mtiririko. Maji mengine hupenya chini ya kizingiti na kwenda bonde la jirani. Makosa yote hayo huishia kwenye deni la mti. Msitu wa ukungu nao una hesabu yake, kwa kuwa majani yake hukamua maji ambayo kipimamvua hakiyaoni.

Halafu kuna suala la ukubwa. Mabonde yetu ya majaribio ni madogo. Mvuke wa msitu mkubwa kama Amazoni huanguka tena kama mvua mbali sana, na kipimo changu kwenye kijito hakiwezi kuuona. Anayechukua zile milimita 40 na kuzizidisha kwa bara zima ananiudhi karibu sawa na mwenye miche.