Majitaka ya kiwandani: kwa nini pH inayumba hata mtambo ukiwa mpya

Wakaguzi wetu wanapewa jibu lilelile kila wanakopita: "Wastani wetu wa siku ni pH 7." Tunaamini wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Lakini Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayotiririshwa yawe na pH (kipimo cha asidi na alkali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali) kati ya 6.5 na 8.5. Maji yaliyoingia Mto Msimbazi saa nne yakiwa na pH 3 hayasafishwi na yale ya saa tano yenye pH 11.

Chukua lita 1,000 za maji yenye asidi ya hidrokloriki peke yake, pH 3. Kuyafikisha 7 kunahitaji gramu 40 za kostiki (soda kali inayoua asidi). Gramu 36 za kwanza zinayafikisha 4 tu, na 3.6 zinazofuata zinayafikisha 5. Kinachomaliza kazi hakifiki nusu gramu. Ukizidisha gramu moja, yanaruka hadi 9.4.

Kidhibiti, yaani kifaa kinachoendesha pampu ya kostiki, nacho hakiyaoni maji muda wote. Kinasoma pH, kinapanga kasi ya pampu, na pampu inabaki na kasi hiyo hadi usomaji unaofuata, kama dereva aliyefumba macho mguu ukiwa kwenye mafuta. Nguvu inayofaa kwenye pH 3 ni balaa kwenye pH 6. Tafadhali, acheni kuongeza ukubwa wa pampu!

Wala kusoma harakaharaka si dawa. Kwenye tangi moja tulikuta kostiki inachukua dakika mbili kuchanganyika na kufika kwenye kipimo, huku kidhibiti kikisoma na kuongeza dozi kila sekunde 10. Kabla matokeo ya dozi ya kwanza hayajaonekana, nyingine 11 zilikuwa zimeshaingia. Ikabidi pampu ya asidi iwake kurudisha chini, na mchezo ukaanza upya.

Muda wa kusoma na ukubwa wa dozi vipangwe pamoja, kwa kufuata ucheleweshaji wa tangi lenu. Maji pia hubadilika: siku ya magadi, bikaboneti humeza kostiki nyingi pH isitikisike, kesho yake tone tu linatosha. Setini kwa maji yanayoruka upesi kuliko yote, hata kama siku nyingine mtambo utaonekana mzito.

Kuhusu taratibu: kibali cha kutiririsha majitaka hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde husika, na masharti yake hufuatwa kama yalivyoandikwa. Anayekiuka anaweza kupewa na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) amri ya kurekebisha, kutozwa faini, kusimamishiwa shughuli au kufikishwa mahakamani. Anayekiri anaweza kufifilishiwa kosa kwa malipo, yaani kulimaliza bila kesi mahakamani, lakini malipo hayo si ruhusa ya kuendelea.

Mkaguzi akifika, mwonyesheni usomaji wenyewe, mmoja baada ya mwingine, pamoja na tarehe kipimo kilipohakikiwa kwa vimiminika vya pH 4, 7 na 10. Kipimo chenye utando wa uchafu husoma kwa kuchelewa, na hapo hakuna kuseti kutakakosaidia.