Ripoti ya MMPI: skeli iliyopanda si jina la ugonjwa

Mtu akikabidhiwa ripoti ya kipimo cha haiba na afya ya akili, iwe Moshi hospitalini au kwa mwanasaikolojia Arusha mjini, macho hukimbilia kwenye grafu kutafuta skeli (fungu la kauli zinazohesabiwa pamoja) iliyopanda kuliko zote. Kisha jina la skeli hiyo husambaa kwa ndugu kana kwamba ndilo jibu. Kuna watu wameitwa vichaa nyumbani kwao kwa sababu ya grafu iliyosomwa vibaya, na jambo hilo linaumiza. Tunazungumzia MMPI-2 (Minnesota Multiphasic Personality Inventory), dodoso la haiba na afya ya akili, toleo la 1989 lenye kauli 567 ambazo mtu hujibu Kweli au Si kweli. Maneno yaliyo kwenye alama za nukuu hapa chini ni madai yanayosikika, na kila moja linafuatwa na jibu lake.

"Alama 65 ni sawa na asilimia 65."

Hapana. Hizi si alama za mtihani wa shule. Zinaitwa alama T: wastani wake ni 50, na kila pointi 10 ni hatua moja ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika. Anayepata 50 hajaponea chupuchupu, yuko katikati ya kundi la kulinganishia, ambalo kwa MMPI-2 ni Wamarekani 2,600. Kwenye nyingi ya skeli kuu, zinazoitwa za kliniki, 65 maana yake ni kwamba takriban watu 92 kati ya 100 wa kundi hilo wako chini yake. Hapo ndipo mtaalamu anaanza kuuliza maswali. Skeli za kliniki ni kumi, kwa hiyo mtu mzima wa afya kugusa 65 kwenye mojawapo si ajabu. Tofauti ya pointi mbili tatu kati ya skeli na skeli nayo usiihangaikie. Wataalamu hutaka pengo la walau pointi 5 kabla ya kusema skeli fulani imezizidi nyingine waziwazi.

"Skeli 8 ikipanda, ana skizofrenia."

Hili ndilo kosa lenye madhara makubwa kuliko yote. Starke Hathaway na J. C. McKinley wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliochapisha kipimo cha kwanza 1943, walichukua majibu ya wagonjwa wa aina moja wakayalinganisha na ya watu wa kawaida, wengi wao wakiwa wageni waliokuja kuona wagonjwa. Kauli zilizotenganisha makundi hayo mawili ndizo zikawa skeli. Walitarajia kila skeli itaje ugonjwa wake, lakini haikuwa hivyo: mgonjwa mmoja alipandisha skeli kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa baadhi ya kauli zinahesabiwa kwenye skeli zaidi ya moja na msongo wa jumla huziinua zote. Ndiyo maana wanaokifahamu kipimo husema "skeli 7", "skeli 8", wakaachana na majina ya zamani (skeli 8 iliitwa Skizofrenia).

Skeli 8 inaweza kupandishwa na skizofrenia, lakini pia na kifafa, dawa za kulevya, sonona kali au maisha ya kutengwa. Skeli 1, inayohusu malalamiko ya mwili, hupanda hata kwa mwenye vidonda vya tumbo vilivyothibitishwa. Na muumini aliyezoea maombi ya kufukuza mapepo anaweza kujibu Kweli kwenye kauli inayogusa roho wachafu, akaongeza alama bila kuwa na dalili yoyote. Mpimaji asipomuuliza alimaanisha nini, hatajua.

"Skeli za uhalali ni za kukamata waongo tu."

Skeli za uhalali ni zile zinazoonyesha kama majibu yanaweza kuaminiwa. Kazi yake ni kubwa kuliko kukamata waongo, na ripoti husomwa kuanzia hapo. Kwanza hesabu kauli zilizoachwa wazi. Zikifika 30, matokeo ya kipimo hayafai kutolewa maana. Pili angalia VRIN, inayoonyesha kama kauli zinazofanana zimejibiwa kwa kugonganisha, na TRIN, inayomnasa anayesema Kweli kwa kila kitu, pengine kwa kumstahi daktari. Mojawapo ikifika T 80, grafu iliyobaki iache. Baada ya hapo ndipo F, inayohesabu majibu ambayo watu wengi hawayatoi. F ikiwa juu huku VRIN na TRIN ni nzuri, mtu ama anateseka kweli ama anaongeza chumvi. Ikiwa VRIN nayo iko juu, pengine hakuelewa kauli au alichoka. L ikipanda, mtu anajionyesha msafi mno, jambo la kawaida kwa anayepimwa ili apate kazi, na pia kwa mtu wa dini sana.

K ina mtego wake. Inaonyesha kujikinga, na sehemu yake huongezwa kwenye alama ghafi (hesabu ya majibu kabla ya kugeuzwa kuwa T) za skeli tano: nusu kwenye skeli 1, 0.4 kwenye 4, yote kwenye 7 na 8, 0.2 kwenye 9. Mwenye K ghafi 20 anaongezewa 20 nzima kwenye skeli 8. Skeli hiyo ikionekana juu, dai uone alama kabla ya nyongeza.

"Skeli 5 inaonyesha mwelekeo wa mapenzi."

Haionyeshi. Ni ya mambo mtu anayoyapenda na anayojishughulisha nayo, na wanaume waliosoma sana huipandisha mara nyingi.

"Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kufanya hiki hiki."

MMPI-2 ni ya miaka 18 na kuendelea. Vijana wa 14 hadi 18 wana toleo lao, MMPI-A, lenye kauli 478.

"Asiyejua Kiingereza, nesi amtafsirie papo hapo."

Chukua mfano wa kubuni, si kauli ya kipimo: "Sisumbuliwi na tumbo." Msaidizi anaigeuza swali: "Tumbo linakusumbua?" Mgonjwa anasema "Hapana", msaidizi anaweka alama kwenye Si kweli. Jibu limegeuka, mtu mzima wa tumbo ameandikwa mgonjwa. Kauli za namna hiyo ni nyingi, na chache tu zikigeuzwa zinatosha kusogeza skeli. Kitumike chapisho lililotafsiriwa na kuhakikiwa, mtu asome mwenyewe, au asomewe kauli kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, naye ajibu Kweli au Si kweli. Kama chapisho hilo halipo, mahojiano ya kina ya kliniki ni salama kuliko grafu iliyopatikana namna hiyo.