Kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya mchango: maswali ya watu wa pwani

Mwezi uliopita walikuja kliniki watu kumi na wawili wa ofisi moja maeneo ya Posta, kupima afya. Wanataka kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za matibabu ya watoto wenye selimundu. Wote ni watu wa Dar. Mmoja tu ndiye aliyewahi kulala mahali penye baridi ya kueleweka, nako ni Lushoto, alikokwenda harusini. Waliondoka na maswali mengi kuliko muda niliokuwa nao, nikawaahidi kuyajibu kwa maandishi.

Shikamoo dokta. Mimi kila Jumamosi nakimbia kilomita kumi, Coco Beach na kurudi. Si inatosha?

Marahaba. Kwa miguu na moyo inasaidia sana, lakini haikukingi na ugonjwa wa mlimani. Sisi huku tunaishi usawa wa bahari. Kileleni, mita 5,895, hewa bado ina oksijeni asilimia 21 kama ya Kariakoo, ila mgandamizo wake umeshuka hadi karibu nusu. Maana yake kila pumzi unayovuta inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyozoea. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo kwa kupumua haraka zaidi na kubadilisha mambo mengi ndani ya damu na figo, lakini unataka siku, na siku hizo hazipatikani Oysterbay.

Tena mkimbiaji ndiye ninayemhofia zaidi. Ana pumzi, anawaacha wenzake, anafika kambini wa kwanza, na jioni anatapika. Ile "pole pole" ya waongozaji si maneno ya kuandika kwenye fulana za watalii. Ukishindwa kuongea huku unatembea, unakwenda kasi.

Basi tufanye mazoezi gani hapa mjini?

Ngazi. Tafuteni jengo la ghorofa kumi, beba begi lenye chupa za maji kama kilo sita, panda na shuka. Msitumie lifti kushuka, kwa sababu kushuka ndiko kunakomaliza magoti na mapaja. Daraja la Kigamboni na la Tanzanite yanatoa picha nzuri ila mwinuko wake ni mdogo mno. Jumapili nendeni vilima vya Pugu, alfajiri kabla jua halijawa kali. Mwezi wa mwisho pandeni treni ya SGR hadi Morogoro, mtafute mwenyeji wa kuwaongoza mpande Lupanga kwenye milima ya Uluguru, mita 2,138. Njia ina utelezi na mwinuko mkali. Huko ndiko kila mtu atajua kiatu chake kinambana wapi, na ni heri kujulia Morogoro kuliko Horombo, kule kituoni mlimani.

Kampuni moja imetupa bei ya siku tano, nyingine siku saba. Tunataka kila shilingi iende kwa watoto. Tuchukue ya tano?

Hapana. Tuipige hesabu pamoja. Njia ya Marangu ina vituo vitatu vya kulala: Mandara, karibu mita 2,720, Horombo, 3,720, Kibo, 4,720. Kila siku mnaongeza mita elfu moja. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Ratiba ya siku tano inavunja kanuni hiyo mara mbili mfululizo. Halafu usiku uleule wa Kibo mnaamshwa kabla ya saa sita kupanda mita nyingine zaidi ya elfu, gizani, kwenye baridi.

Siku ya ziada Horombo, ambapo mnapanda mchana kuelekea kilele cha Mawenzi kisha mnarudi kulala palepale, ina faida kuliko dawa yoyote nitakayowaandikia. Njia ya Machame ina mpangilio mzuri zaidi kwa hili. Mchana mnapita mwamba wa Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, jioni mnalala Barranco, chini ya 4,000. Mwili unaonja kimo, kisha unapumzishwa. Kama ni lazima kubana matumizi, baneni kwenye fulana na mabango.

Nitajuaje kama naumwa ugonjwa wa mlimani au nimechoka tu?

Uchovu unaisha ukilala. Ugonjwa wa mlimani huanza na kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula au mwili kuisha nguvu, mara nyingi ukishapita mita 2,500. Waliowahi kunywa sana harusini wanaijua asubuhi yake, inafanana nayo. Kichwa kikiuma huko juu, hesabuni kwamba ni mlima mpaka mpate sababu nyingine. Ugonjwa ukiwa mwepesi, baki hapohapo, meza Panadol, kunywa maji, usipande. Ukizidi, au usipopungua ndani ya siku moja, shuka.

Kuna hali mbili zinazoua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa anapepesuka, anaongea vitu visivyoeleweka, au anakuwa mkali bila sababu. Kipimo chake hakihitaji mashine. Chora mstari vumbini kwa fimbo, urefu wa hatua kumi, mwambie atembee juu yake, kisigino kikigusa ncha ya kiatu kingine. Asipoweza, anashuka usiku huohuo, na hashuki peke yake. Ya pili ni mapafu kujaa maji: anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, mwishowe mate yanakuwa na povu la rangi ya waridi. Oksijeni na dawa kama deksamethasoni na nifedipini husaidia wakati mnashuka, lakini tiba yenyewe ni kushuka.

Na Diamox?

Ni asetazolamaidi, dawa halali ya kukinga. Watu wazima wengi hutumia miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza, itakutia ganzi ya vidole, na soda itakosa ladha. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme kabla ya kuandikiwa. Ijaribuni mkiwa bado Dar, siyo getini. Pombe na dawa za usingizi ziacheni nyumbani.

Dokta, mimi ni AS, yaani nimerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu. Ninakwenda kupanda kwa ajili ya watoto wa selimundu, halafu naambiwa mimi mwenyewe nisipande?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Makadirio ni kama 11,000 kila mwaka. Kwa hiyo AS tuko nao wengi, maofisini na kwenye daladala, na wengi wao hawajijui. Kwenye kikundi chenu zaidi ya nusu hawakujua hali zao.

Mwenye SS, yaani aliyerithi kwa wazazi wote wawili na anaumwa selimundu, asipande. Hapo sina mjadala. Mwenye AS yuko kwenye hali tofauti. Huku pwani anaishi bila shida yoyote, na wapo wengi wanaopanda milima wakarudi salama. Lakini oksijeni ikipungua sana, chembe zake za damu zinaweza kujikunja umbo la mundu na kuziba njia ya damu kwenye bandama, ambayo wengine huiita wengu. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, pengine na kutapika. Mtu husema ni gesi au kichomi, anapewa chai ya tangawizi, na muda unapotea. Maumivu ya mahali hapo, kwa mtu aliye juu mlimani, yanamaanisha kushuka mara moja na kwenda hospitali.

Wewe dada sikukatazi. Kaa kwanza na daktari wa magonjwa ya damu, chagua ratiba ndefu, mwongozaji wako aijue hali yako, na amua ukiwa bado nyumbani kwamba Horombo ni mwisho unaokubalika. Wengine kumi na mmoja pimeni. Ni damu kidogo tu.

Presha? Pumu? Kisukari?

Iliyodhibitiwa, mara nyingi inawezekana baada ya kumwona daktari wako. Dawa zikae mfukoni, zisiende na wagumu, yaani wabeba mizigo, kwa sababu wao hutangulia kambini. Insulini na kipima sukari vikae karibu na mwili, visigande. Mjamzito asubiri mwaka mwingine.

Nikipata homa nikiwa juu?

Ugonjwa wa mlimani kwa kawaida hauleti homa kali. Mbu aliyekuuma Mbagala siku kumi kabla hakujua kwamba una safari, na malaria huchukua siku saba hadi kumi na nne, wakati mwingine zaidi, kujitokeza. Kichwa, kutapika, kuishiwa nguvu: dalili zinafanana mno. Homa ikipanda, shuka ukapime. Na lala ndani ya chandarua wiki zote kabla ya safari.

Nguo za baridi ni ghali mno.

Soko la Karume. Makoti mazito ya mitumba yamejaa pale, na yanauzwa bei ya chini kwa sababu nani anayahitaji Dar? Usiku wa kilele baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za hasi. Vaa nguo kadhaa nyembamba juu kwa juu, pamba isiguse mwili. Msipuuze miwani ya jua. Weusi wa ngozi hauyalindi macho.

Watu wameshachanga. Tukirudi bila kufika kileleni tutawaambia nini?

Hili halipimwi kwa mashine, ila nalihesabu kama dalili ya hatari. Mchango una deni lake. Kila aliyewahi kuwa mwanakamati wa harusi anajua ahadi zinavyofuatiliwa. Mtu mwenye kichwa kinachopasuka anakumbuka kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili wanaosubiri picha ya kibao cha kilele cha Uhuru, anamwambia mwongozaji "niko fiti". Waongozaji wanaujua uongo huo.

Kupanda kwa ajili ya mchango si jambo geni kwetu. Kili Challenge ya mgodi wa Geita na TACAIDS, tume ya kudhibiti UKIMWI, imekuwa ikipandisha watu tangu 2002 kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na wengine huendesha baiskeli kuuzunguka mlima badala ya kuupanda. Fedha zinafanya kazi ileile.

Kwa hiyo andikeni sasa, kabla hamjaondoka, kwamba mchango ni wa watoto na wala haudai kilele. Walioahidi kwa kila mita wabembelezeni watoe jumla moja. Mjomba wa mmoja wenu aliahidi shilingi 100 kwa kila mita. Kileleni ni shilingi 589,500. Mkiishia Kibo, 472,000.

Mweka hazina wao alitoa simu palepale kliniki, akatoa moja kwenye nyingine, akaona 117,500. Akasema hiyo atailipa yeye.