Matone kumi ya saa ngapi?

Juzi nimeambiwa tena kuhusu dripu ya cheni ya mashine, yaani tangi dogo linalodondoshea cheni mafuta: "Fundi, hiyo haihitaji kuangaliwa, ni otomatiki. Tuliipanga matone kumi kwa dakika siku ilipofungwa." Cheni yenyewe ilishaanza kutoa unga wa rangi ya kutu kwenye pini, dalili ya chuma kinachosagana kikavu. Nikauliza: matone kumi ya saa ngapi? Kimya.

Vali ya umeme inajua mambo mawili tu: kufunguka mota ikiwashwa, kufunga ikizimwa. Kazi nzuri hiyo, maana bila yake tangi lote lingelala sakafuni usiku. Lakini kiasi kinaamuliwa na vali ya sindano, nayo ni tundu tu. Ukikaza skrubu yake umepanga upana wa tundu, hujapanga kiasi cha mafuta.

Mafuta nayo hayatulii. Mafuta ya kawaida ya daraja la ISO VG 68 yana mnato, yaani ugumu wa kutiririka, wa sentistoki 68 (kipimo cha mnato) kwenye nyuzi joto 40. Yapoe hadi nyuzi 20, unakaribia 200. (Tukiwa kazini tunasema "uzito". Mnielewe tu, msinisahihishe.) Kwenye tundu jembamba vile, mnato ukipanda mara tatu, mafuta yanayopita yanabaki theluthi. Kwa hiyo matone yako kumi ya mchana ni matatu hivi alfajiri. Ukiyapanga kumi alfajiri, mchana ni thelathini na ukuta unapakwa bure. Na skrubu hakuna aliyeigusa! Mafuta yakipungua tangini, msukumo unapungua na matone yanapungua. Kitundu cha hewa cha kifuniko kikiziba, matone yanakata kabisa, huku taa ya kijani inang'aa. Taa inasema koili ya vali ina umeme. Haijasema lolote kuhusu mafuta.

Halafu kuna wa "ongeza tu, mafuta hayadhuru". Kwenye beringi za kasi, mafuta ya ziada yanavurugwa na kuzaa joto. Kwenye cheni, tone likiangukia katikati ya rola linaishia kurushwa. Lielekeze kwenye kingo za bamba, lipenye mpaka kati ya pini na bushi, kijibomba kinachoizunguka. Matone manane pale yanashinda arobaini ya katikati.

Mimi hupanga mashine ikishapata joto, tangi likiwa nusu, kisha nahesabu tena kesho yake kabla haijachemka. Tofauti ikiwa kubwa mno, naacha kuhangaika na sindano na kuomba pampu ndogo ya pistoni, inayosukuma kipimo kilekile kila mpigo.

Idadi ya kuanzia? Nakiri, nakisia. Tone halina ukubwa mmoja: badilisha ncha ya bomba, nalo limebadilika, kwa hiyo "matone kumi" ya kitabuni siyaamini sana. Nachukua kitambaa cheupe, nafuta kwenye viungo vya cheni. Kikitoka na wekundu wa kutu, naongeza. Kikilowa chapachapa, napunguza, narudi kesho.