Umeacha nyama, mwenzio bado anakula: dhana potofu na ukweli wake

Ukiacha nyama huku mwenzio wa nyumbani anaendelea kula, maneno huanza kabla hata sufuria haijabandikwa. Utaambiwa utaishiwa damu, unajidai, umeingia dini nyingine, na kwamba kuanzia sasa gesi ya mwezi itaisha kwa wiki mbili. Mimi sili nyama, kuku wala samaki. Maziwa na mayai natumia. Mume wangu anakula vyote na hana nia ya kuacha. Tunakula meza moja, na naamini nyumba nyingi zingeweza kufanya hivyo kwa amani kama zingejua lipi ni kweli na lipi ni maneno ya watu.

"Itabidi upike mara mbili kila siku"

Hii ndiyo inayokatisha watu tamaa mapema kuliko zote, kwa hiyo niikalie kidogo.

Vyakula vyetu vingi havikuwa na nyama tangu mwanzo. Makande ya Wapare, githeri ya Kenya, kiburu cha Wachaga cha ndizi na maharage, mbaazi za nazi zinazoliwa na mahamri huko Mombasa, mchicha wa karanga, kisamvu, kunde, choroko. Siku hizo hakuna mjadala jikoni. Kazi inakuja siku ya mchuzi, na inakuja kwa sababu tumezoea kuanza na nyama: inakaangwa na kitunguu, nyanya zinamiminwa juu yake, viazi vinafuata, na mwisho kila kitu ndani ya sufuria kimeshashika nyama.

Geuza mpangilio. Nyama ichemshwe peke yake, siku moja kwa wiki, na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka ilainike. Ikipoa, igawe kwenye vifurushi vya mlo mmoja mmoja, na supu yake kidogo, uweke kwenye friza. Siku ya kupika, kaanga kitunguu, tia viungo na nyanya zilizosagwa, uache zikaangike kweli mpaka mafuta yapande juu. Watu wengi wanaharakisha hapa, halafu wanasema mchuzi usio na nyama hauna ladha. Ndipo viazi, karoti na njegere vifuate, kisha tui jepesi, na tui zito mwishoni. Kabla ya kuepua, chota fungu la mla nyama, liweke kwenye kisufuria kidogo pamoja na kifurushi chake, lichemke dakika chache. Umepika mchuzi mmoja.

Pilau ndiyo wengi wanadhani haiwezekani. Inawezekana. Rangi yake inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, na harufu inatoka kwenye bizari nzima, iliki, mdalasini na pilipili manga. Ipike kwa viazi na njegere, nyama ya mwenzio ikae pembeni kwenye bakuli lake.

Jambo moja nalisema bila kuuma maneno: aliyebadili chakula ndiye abebe kazi iliyoongezeka. Mume anayeacha nyama halafu akakaa kusubiri mkewe abuni mapishi mapya hajamtendea haki. Aloweke maharage mwenyewe usiku, achambue mchicha, ajifunze kukuna nazi.

"Toa vipande, kula mchuzi"

Mchuzi uliochemka na nyama una mafuta na maji ya nyama. Vivyo hivyo mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki, na baadhi ya vidonge vya kiungo cha mchuzi, ambavyo vina mafuta ya ng'ombe au ya kuku, soma kifurushi. Kama kwako hilo si tatizo, sawa, lakini mwambie mpishi mapema ili asikisie. Na ukiwa mgeni, usiseme tu kwamba huli nyama, maana utachinjiwa kuku. Ukienda Bukoba utaletewa senene, wale panzi wa kukaanga, kwa moyo mweupe kabisa. Taja kila kitu usichokula, kwa simu, kabla ya kufunga safari. Mwenyeji aliyekwisha kumkamata jogoo ameshatoa heshima yake, na kuikataa hapo ni jambo zito kweli.

Swali la ubao na visu nalo lipo. Ubao wa nyama mbichi uwe wa peke yake hata kama nyumba nzima inakula nyama. Kutenganisha vibichi na vilivyopikwa ni mojawapo ya kanuni tano za usalama wa chakula za Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo ukiomba ubao wako, hujaleta masharti mapya.

"Bila nyama hakuna protini"

Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji protini kama gramu 50 kwa siku. Hesabu ni hii: maharage yaliyochemshwa yana gramu 8 au 9 katika kila gramu 100, kwa hiyo bakuli la gramu 200 linakupa kama 17. Ugali wa siku nzima, uliotokana na gramu 200 za unga wa mahindi, unaongeza kama 16. Konzi ya karanga, gramu 30, ina 7. Glasi ya maziwa 8, yai 6. Umeshapita 50, na hicho ni chakula cha kawaida kabisa.

Wengine watakwambia protini ya maharage "haijakamilika". Kuna ukweli hapo, ila umekuzwa. Protini hujengwa kwa viungo vidogo vidogo, na mahindi yana upungufu wa kimoja kiitwacho lisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo ni haba kwa kingine, methionini, ambayo nafaka inaongezea. Makande yanamaliza suala hilo kwenye sahani moja. Wala si lazima viliwe mlo mmoja; vikiliwa siku moja vinatosha. Anayepungukiwa ni yule aliyeacha nyama akabaki na wali, chai na chipsi. Kuacha nyama peke yake hakumpi mtu afya, na mandazi na soda navyo havina nyama.

Mama mkwe wangu aliniuliza hili kwa upole, akiwa ameshika sahani yangu. "Sasa mama, hivi ndivyo unavyokula? Nguvu utapata wapi?" Nikamwambia, "Mama, hizo kunde ndizo nguvu zenyewe, nimeziunga kwa karanga." Akaonja kwa kidole. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema nisizidishe chumvi.

"Utaishiwa damu"

Hapa wanaotuonya wana hoja, ila wanakosea sababu. Madini ya chuma yamo kwenye maharage, dengu, choroko na mboga za majani. Tofauti ni kwamba chuma cha mimea hakifyonzwi mwilini kirahisi kama cha nyama, kinategemea umekila na nini. Na adui wake mkubwa kwetu ni chai. Chapati, maharage na chai ya rangi ni kifungua kinywa cha maelfu ya watu kila asubuhi, na chai hiyo inazuia sehemu kubwa ya chuma cha maharage yale yale. Kahawa nayo vivyo hivyo. Isogeze mbali, saa moja au zaidi baada ya kula.

Weka badala yake kitu chenye vitamini C: kachumbari iliyokamuliwa ndimu, chungwa, papai, embe, hoho mbichi. Maharage yaloweke usiku kucha na maji yake umwage, maana kuloweka kunapunguza fitati zinazoshikilia chuma, na tumbo nalo halijai gesi. Uji uliochachuliwa au uliotiwa kimea unasaidia kwa njia hiyo hiyo. Mboga za majani zitie mafuta kidogo, karanga au tui. Hilo ni kwa ajili ya vitamini A, ambayo haipokelewi vizuri bila mafuta.

Mwenye hedhi nzito au mjamzito apime damu, awe anakula nyama au hali. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki visiachwe kwa kujiamini kwamba unakula mchicha.

"Mboga za majani zina kila kitu"

Hii ni dhana ya upande wetu tusiokula nyama, na ndiyo inayoniogopesha kuliko zote zilizotangulia. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Mchicha hauna, mlonge hauna, na spirulina, unga wa mwani unaouzwa kwa sifa nyingi, ina kitu kinachofanana nayo lakini mwili hauwezi kukitumia. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku. Glasi mbili za maziwa zinakaribia kiasi hicho, na mayai yanaongezea. Aliyeacha maziwa na mayai pia lazima ameze vidonge vya B12 au ale vyakula vilivyoongezewa.

Ubaya wake ni kwamba ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa. Mtu anakaa mwaka wa kwanza na wa pili akiwa mzima, anahubiri kwamba hahitaji chochote, kisha inaanza ganzi ya vidole vya miguu, uchovu na kusahausahau. Tena folati, vitamini nyingine ya kundi la B ambayo sisi tunaila kwa wingi kwenye maharage na mboga, inaweza kuficha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ukisikia ganzi, nenda hospitali na useme wazi kwamba huli nyama.

"Soya inaua nguvu za kiume"

Haiui. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2010, na mwingine wa 2021, haukuona soya ikishusha testosteroni, homoni ya kiume, kwa wanaume.

"Hiyo ni dini ya watu"

Wahindu na Wajaini wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hawali nyama, na baadhi ya Wasabato vilevile. Lakini wapo walioacha kwa sababu ya presha, ya bajeti, au ya kumwonea huruma mnyama. Muislamu haambiwi kwamba ni lazima ale nyama. Anachokatazwa, katika Surat Al-Maida aya ya 87, ni kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Kuacha kwa hiari bila kumharamishia mwingine ni jambo jingine. Kwa Wakristo, Paulo alishaandika katika Warumi 14 kwamba anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Ukisoma sura ile utaona kwamba meza ya watu wawili wa namna hii si jambo geni hata kidogo.

"Na watoto waache pia"

Taratibu hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama nyama, samaki au mayai. Tumbo la mtoto ni dogo, na mahitaji yake ya chuma na zinki ni makubwa. Mimi siwezi kumbebesha mtoto uamuzi wangu katika umri huo. Yai na maziwa yawepo kila siku, na baba akimpa kipande cha ini au samaki asiye na miiba, sigombi.

"Nyama ni sumu, lazima na yeye aache"

Oktoba 2015, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu katika kundi la vile ambavyo huenda vinasababisha. Makundi hayo yanaeleza uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Kipande cha nyama cha Jumapili hakilingani na sigara. Kwa upande mwingine, utafiti wa Wasabato zaidi ya 73,000 wa Amerika ya Kaskazini, uliochapishwa 2013, uliona vifo vikiwa pungufu kwa asilimia 12 kwa wasiokula nyama au wanaokula mara chache, ingawa utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sababu ni chakula peke yake.

Mweleze hayo mwenzio mara moja, mkiwa mmeshiba, kisha uache. Mkubaliane mambo ya nyumba: soseji zisiwe za kila siku, nyama ikae rafu ya chini ya friji ikiwa imefunikwa, hela ya bucha ijulikane ni kiasi gani, na anayekula nyama ndiye aoshe sufuria yake.