Dau si mapato, na mapato ghafi si faida

Mapato ghafi ya michezo ya kubahatisha ni jumla ya madau yote, ukitoa kilicholipwa kwa washindi. Basi. Kinachochosha ni kusikia kwamba kampuni za kubeti Marekani "ziliingiza dola bilioni 120" mwaka 2023. Hizo, bilioni 119.84 kwa hesabu ya American Gaming Association, chama cha kampuni za kamari Marekani, ni madau. Washindi walipolipwa zilibaki bilioni 10.92, kama asilimia 9.

Madau huvimba kwa sababu pesa ileile huhesabiwa kila inapozunguka. Mtu anaweka 10,000 kwa odi 1.90 (yaani akishinda analipwa dau mara 1.90), anashinda, anapata 19,000, anazirudisha zote kwenye mechi inayofuata na kuliwa. Vitabuni madau ni 29,000. Kampuni imebaki na 10,000 tu, ileile aliyoingia nayo.

Hiyo asilimia inayobaki ndiyo inayopiganiwa. Mechi ya pande mbili zilizolingana, odi 1.90 kila upande, huiachia kampuni asilimia 5. Unganisha mechi tano za hivyo kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi inayolipa pale tu ubashiri wote unapotimia: 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano ni 0.77, kwa hiyo kampuni inatarajia karibu asilimia 23. Bonasi za mikeka mirefu zinatoka humo, si ukarimu. Ila haya ni matarajio ya muda mrefu. Wikiendi ambayo timu kubwa zote zimeshinda, mikeka inatiki kwa wingi, na mapato ghafi yanaweza kwenda hasi huku madau yamepanda.

Na hapo bado hatujafika kwenye faida. Kuna bonasi, kodi, ada za kupitisha pesa, matangazo (haya hula sana kampuni inapoingia soko jipya), mishahara. Kodi nayo inategemea imekaa juu ya nini. Mwaka 2019 Kenya ilitoza ushuru wa asilimia 20 ya dau, si ya mapato ghafi. Ulikatwa kwa mchezaji, lakini kampuni inayobakiwa na asilimia 9, kama ingeamua kumbebea, ingelipa zaidi ya mara mbili ya mapato yake ghafi. Ulifutwa 2020.

Kwa hiyo anayetaja mabilioni ya kampuni ya kubeti huenda hajakosea tarakimu. Amesoma mstari wa madau. Mapato ghafi yako chini yake, na faida iko chini zaidi.